Boom halijasoma, UE inakuja, na usingizi nao umegoma

Mi nafikiri hakuna mtu anayetulaza macho wanafunzi wa siku hizi kama huyu aliyebuni bando la usiku. Hebu fikiria, mchana kwa buku lako unapewa MB za kuonja tu, ukifungua video mbili za lekcha zimekata, afu ikigonga saa sita usiku kwa hela ileile au pungufu unamwagiwa GB mpaka alfajiri. Sasa mwanafunzi ambaye boom (hela ya mkopo wa chuo) halijasoma, yaani halijaingia, na mfukoni ana jero unategemea afanyeje? Anatega alamu saa sita kasoro, anaamka, anashusha madesa (noti za masomo), anashusha na muvi maana GB bado zipo na zikifika alfajiri zinakufa na uchungu wa kuziacha zife si unaujua, anaingia tiktok "dakika tano tu", akija kushtuka jogoo wa mama mwenye nyumba anawika. Na saa moja asubuhi kuna kipindi.

Nimeanza na hilo kusudi kabisa. Kila nikisoma makala za usingizi naona mwanafunzi ndo anatupiwa lawama zote, hana nidhamu, anapenda simu, anapenda bata. Simu tunapenda, sikatai, ila bei nayo inaongea aisee, huwezi kumuuzia mtu maskini usiku kwa bei chee afu umshangae mbona halali. Huku kwetu Nyegezi, Mwanza, ukimuona mtu analala saa nne usiku bila wasiwasi ujue ana waifai au ana mchumba mwenye kazi.

Mi niko mwaka wa tatu, tumepanga geto kwenye ile aina ya nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana, choo na bomba nje, kila chumba kina spika yake. Hii habari ya usingizi na stresi nimeanza kuifuatilia kwa sababu ya kuangalia majirani zangu wanavyobadilika UE (mitihani ya mwisho wa semista) ikikaribia, mtu mpole kabisa anawaka kisa umetumia sufuria yake bila kuomba, yule mchekeshaji wa nyumba nzima ananyamaza, mwingine analia kwa sababu ya test ya alama kumi. Test ya alama kumi jamani.

Sasa kuna dodoso moja linatumika sana dunia nzima kupima ubora wa usingizi, linaitwa Pittsburgh Sleep Quality Index, lilitoka 1989, walilitengeneza akina Daniel Buysse wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh huko Marekani. Lina maswali 19 ya kujijibu mwenyewe, yote yanauliza mwezi mmoja uliopita, yanagawanywa kwenye mafungu saba, kila fungu linapewa kuanzia 0 mpaka 3, kwa hiyo mbovu kuliko wote anapata 21. Ukivuka 5 tayari unahesabika usingizi wako ni wa hovyo. Na cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba masaa ni fungu moja tu kati ya hayo saba. Kwenye yaliyobaki kuna umechukua mda gani mpaka ukashikwa na usingizi, umeamkaamka mara ngapi, unatumia dawa ya kulalia, mchana unasinzia au huna mzuka na chochote, na wewe mwenyewe unauonaje usingizi wako.

Tulilijaza barazani jioni moja umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, kila mtu na karatasi yake. Kuna jamaa yetu wa uhasibu huyo siku zote anajisifu kwamba yeye analala masaa nane, analala kama mtoto, sisi wengine hatujui kupangilia mda. Tukafika kwenye fungu la kugawanya masaa uliyolala kweli kwa masaa uliyokuwa kitandani. Akasema anapanda kitandani saa nne usiku anatoka saa kumi na mbili asubuhi, sawa, nane hizo. Haya, unapitiwa saa ngapi? Akafikiri. Saa saba hivi. Kwa hiyo masaa matatu yote hayo unafanya nini? "Nawaza tu." Tano gawanya kwa nane ni asilimia 62 na ushee, na kwenye hilo dodoso ukiwa chini ya asilimia 65 unapewa 3 nzima, alama mbaya kuliko zote. Mtu wa hesabu akaishia kugombana na hesabu, akadai dodoso ni la wazungu.

Kwenye swali la vitu vinavyokukatisha usingizi wameweka orodha, baridi, joto, ndoto mbaya, maumivu, kwenda chooni, kukohoa au kukoroma, afu mwisho kuna nafasi ya kuandika sababu nyingine. Hapo ndo geto letu lilijimwaga. Mbu waliopata tundu la neti. Mkesha wa maombi wenye spika zinazoelekea dirishani kwetu. Baa ya upande wa pili nayo spika zimeelekea hukohuko, yaani tumekaa katikati ya wokovu na ulevi na wote wanatumia besi. Mechi za UEFA zinazoanza saa nne au saa tano usiku na kelele za goli. Jirani anayerudi na bodaboda saa nane. Na dada mmoja wa chumba cha mwisho, huyo haongei sana, yeye aliandika neno moja tu, "ada".

Mi hilo neno ndo lilinikaa, kwa sababu vingine vyote unaweza ukaziba masikio.

Kuna dodoso lingine la kupima stresi, Perceived Stress Scale, la Sheldon Cohen na wenzake la tangu 1983, toleo linalotumika sana lina maswali 10. Ukiyasoma utaona halikuulizi una matatizo mangapi. Linakuuliza ni mara ngapi umehisi mambo muhimu ya maisha yako huyawezi kuyadhibiti, mara ngapi umehisi shida zimerundikana mpaka zimekuzidi kimo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na deni lilelile la ada, mmoja anaona litapatikana, mwingine anaona ndo mwisho wa chuo, na wa pili ndo mwenye stresi kubwa. Maisha yetu yamejaa vitu vya hivyo sasa. Boom linasoma lini, hujui na huna wa kumuuliza. Matokeo yanatoka lini, hujui. Una sup (mtihani wa kurudia) au umepona, hujui. Nyumbani wanauza ng'ombe au hawauzi, utapigiwa simu.

Na huu ndo mduara wenyewe. Ukiwa na hofu mwili unakaa macho, hiyo ni kazi yake, homoni kama kortisoli na adrenalini zinapanda, moyo unaenda mbio, ubongo unasikilizia hatari. Kwa kawaida kortisoli inatakiwa iwe chini unapoanza kulala, afu ipande kuelekea asubuhi ikuamshe. Wewe sasa uko kitandani saa tano usiku na mwili unaamini kuna simba mlangoni, kumbe ni kakomenti ka CR (kiongozi wa darasa) kwenye grupu kanasema "wakuu kesho test ipo palepale". Unalala vibaya. Kesho yake ubongo uliolala vibaya unayaona mambo makubwa kuliko yalivyo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani akina Yoo na Matthew Walker waliwakesha watu, wakawaingiza kwenye mashine ya MRI inayopiga picha ubongo na kuwaonyesha picha za kuudhi, ile sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na hasira, amigdala, iliwaka kwa asilimia 60 hivi zaidi kuliko kwa waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokuambia tulia kwanza, yalikuwa yamelegea. Ndo maana mtu anataka kukupiga kwa ajili ya sufuria. Sufuria haina kosa.

Kwa hiyo stresi inaharibu usingizi, usingizi mbovu unaleta stresi, usiku unaofuata unaanza ukiwa nyuma zaidi ya jana. Sasa swali la maana ni unaukata wapi huu mduara, na hapa ndo natofautiana na washauri wengi wanaotuambia "punguza stresi". Nipunguze na nini? Boom silileti mimi, ada siipangi mimi, ratiba ya UE siandiki mimi. Upande wa stresi una mikono michache ya kushika. Upande wa usingizi una mingi, midogomidogo lakini iko kwangu.

Na hii sio maoni yangu tu ya barazani. Mwaka 2017 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa la wanafunzi 3,755 wenye shida ya kulala kutoka vyuo vikuu 26 vya Uingereza. Nusu waliwekwa kwenye mafunzo ya usingizi ya mtandaoni, yale ya tiba ya kubadili fikra na tabia, sio vidonge, nusu wengine wakabaki na huduma ya kawaida. Waliopata mafunzo usingizi uliboreka, sawa, hilo ulitegemea. Ila na wasiwasi ulipungua, na sonona ilipungua, na ile hali ya kuona kila mtu anakusema vibaya ikapungua pia. Ada haikuguswa, mitihani haikuguswa. Waligusa usingizi tu. Siku nimesoma hilo nilimfuata yule dada wa chumba cha mwisho nikamwambia, akaniangalia akasema "kaka, nikilala ada itajilipa?" Haitajilipa dada yangu, ila utaifuata ofisini ukiwa na akili timamu.

Nije kwenye kukesha sasa, maana najua mnaosoma hapa nusu mko kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea chuoni.

Sisi tuna heshima fulani ya ajabu kwa mtu anayekesha. Mtu akisema "jana nimepiga msuli mpaka saa kumi" tunamuona mwanaume, hata kama alikuwa anasoma ukurasa uleule tangu saa saba. Kuna utafiti wa chuo cha MIT huko Marekani uliotoka 2019, wanafunzi 88 wa somo la kemia walivalishwa saa za kupima usingizi semista nzima, afu wakalinganisha na alama zao. Waliolala vizuri, kwa masaa ya kutosha, na kwa ratiba isiyorukaruka ndo waliofanya vizuri, na tofauti za usingizi zilieleza karibu robo ya tofauti za alama zao. Sasa sikiliza hii. Usingizi wa ule usiku mmoja kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote na alama. Kilichohesabika ni wiki na mwezi wa nyuma yake, yaani kipindi kile unachojifunza vitu vyenyewe. Kwa hiyo yule anayekesha mwezi mzima afu usiku wa mtihani analala mapema "ili niwe freshi" amewahi kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Sababu yake inaeleweka. Ulichosoma mchana ubongo unakipanga usiku, kwenye usingizi mzito wa mwanzo na ule wa ndoto ambao unazidi kuelekea alfajiri, mizunguko ya kama dakika 90 inayojirudia usiku kucha. Ukilala saa kumi ukaamka saa kumi na mbili umeikata mizunguko mingi hasa ile ya mwishoni. Utafiti mwingine wa Marekani, huu umetoka 2023, ulifuata wanafunzi zaidi ya 600 wa mwaka wa kwanza, ukaona kila saa moja ya wastani wa usingizi waliyoipoteza mwanzoni mwa muhula iliendana na GPA kushuka kwa 0.07 mwishoni. Ya kwao inaishia 4, yetu 5, lakini muulize mtu aliyekosa apa sekondi (daraja la pili la juu) kwa 0.1 kama hiyo ni ndogo.

Na kuna ile ya Australia ya 1997, wao walilinganisha kukaa macho na pombe. Mtu aliyekaa macho masaa 17 utendaji wake ulikuwa umeshuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama 0.10. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, masaa 17 yanatimia saa tano usiku. Kwa hiyo diskasheni yenu ya saa nane usiku mnaongoza mkutano wa walevi, tena walevi wanaobishana kuhusu fomula.

Nina mjomba wangu anavua dagaa upande wa Igombe. Wanaomjua mvuvi wa dagaa wanajua huyo anakesha kwa kazi, jioni wanaingia na taa, ukisimama Capri Point usiku wa giza unaona ziwa lina taa kama kuna mji mwingine kule. Siku moja nilimlalamikia kwamba chuo kinanikesha, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia sisi tunakesha giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti dagaa, tunalala, na tukitoka ziwani asubuhi mwanamke anaanika dagaa mimi nalala, hakuna wa kuniamsha mpaka mchana, nyie mnakesha lini na mnalala lini? Sikuwa na jibu. Mjomba hajasoma habari za melatonini, homoni ya usingizi, lakini ana ratiba, usiku wake ni usiku na mchana wake ndo usiku wake, na mwezi unampa likizo. Sisi tunakesha na mvuvi, tunaamka na mwalimu wa chekechea. (Kazi ya usiku nayo ina madhara yake, sisemi mkavue.)

Halafu kuna kitu kuhusu Mwanza ambacho sijaona watu wakikisema. Nchi nzima saa zetu zinasoma sawa, ila jua halifiki kwa pamoja, sisi tuko magharibi, jua letu linachomoza kama dakika 25 nyuma ya Dar. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwenzako wa Dar anaona jua, wewe wa Mwanza bado unatafuta ndala kwa tochi. Na kipindi ni saa moja kamili kulekule na huku. Mwanga wa asubuhi ndo unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, kwa hiyo tunaamshwa kabla mwili haujapata taarifa. Ongeza na umri wetu, maana saa ya mwili ya vijana kimaumbile inasogea mbele, na inakuwa ya kuchelewa kuliko wakati wowote karibu na miaka 20, sio uvivu wala malezi mabaya, ndivyo tulivyo. Umri wa miaka 18 mpaka 25 unashauriwa masaa 7 hadi 9. Piga hesabu mwenyewe ya mtu ambaye usingizi unamjia saa saba na kipindi ni saa moja na anatakiwa apange foleni ya bafu moja na watu wa vyumba vyote.

Kuna hii tabia nyingine inaniumiza sana. Mtu ana wiki tatu anaumwa kichwa, mwili unachoka, hasomi akaelewa, moyo unamwenda mbio, tunamwambia kapime taifodi. Anaenda famasi ya mtaani, anachomwa kidole, anaambiwa taifodi ipo kidogo na yutiai ipo kidogo, anameza dawa wiki nzima, uchovu uko palepale. Kupima malaria kapime, Kanda ya Ziwa hii sio ya kuchezea, homa ikipanda usilete nadharia za usingizi. Ila kama vipimo ni safi na wewe unalala masaa manne kwa mafungu mafungu, dawa unayoitafuta haiko kwenye ile kabati ya kioo. Na Piriton sio dawa ya usingizi, ni ya mzio, inakusinzisha kweli afu kesho asubuhi inaendelea kukusinzisha kwenye kipindi.

Vinywaji vya enaji navyo. Tangu unapoamka ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini, kikiwa kingi ndo unahisi usingizi. Kafeini haikupi nguvu yoyote, inakaa tu kwenye kiti cha adenosini ili ubongo usiione, deni liko palepale linaongezeka. Na haitoki mapema, nusu yake inachukua kama masaa matano kuondoka mwilini, kwa hiyo mkebe wa saa mbili usiku, saa saba nusu ya kafeini bado inazunguka. Kuna utafiti wa 2013 walipewa watu miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala na bado ikawakata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Hiyo ni kama vikombe vinne vya kahawa, ila nawajua watu wanaopiga mikebe mitatu na kahawa ya kijiweni juu yake. Mi siku hizi kahawa mwisho saa nane mchana, na wanakijiwe wananiona nimeokoka.

Sasa vitu ambavyo vimefanya kazi getoni kwetu, na nitasema na ambavyo havikufanya.

Kitanda kwanza. Wataalamu wanasema kitanda kiwe cha kulala tu, ubongo ukikiona ujue ni usingizi. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye sebule. Geto kitanda ndo sofa, ndo meza ya kulia, ndo ofisi, mgeni akija anakaa hapo hapo anakula chipsi mayai. Nilichofanya nimenunua mkeka, kusoma na kula na kuongea na simu ni mkekani, mgongo ukutani, kitandani napanda kulala. Na ukiwa umelala dakika kama 20 usingizi hauji usijilazimishe, shuka mkekani, taa ndogo, soma kitu cha kuchosha, wanafunzi wa sheria mna vingi, ukisinzia rudi. Hii ndo imenisaidia kuliko yote.

Ya pili ni karatasi. Mwaka 2018 kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor walichukua vijana 57, wengine wakaambiwa kabla ya kulala waandike kwa dakika tano kazi walizomaliza, wengine waandike kazi wanazotakiwa kufanya siku zijazo. Ungedhani kuandika viporo kutakunyima raha, kumbe walioandika viporo ndo waliopitiwa haraka, kama dakika tisa mapema, na kadri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyowahi kulala. Yule jamaa wa uhasibu na "nawaza tu" yake alipinga sana, afu nikamkuta na kadaftari kadogo chini ya mto. Kurasa ya juu kaandika "kumfuata mhasibu wa chuo Jumanne, kwenda na risiti ya zamani, kuvaa shati". Shati limeandikwa kabisa.

Kuamka mda uleule hata wikiendi, hiyo ni ngumu ila inafanya kazi, na ukiamka toka nje upate mwanga, simama bombani upige mswaki hukohuko badala ya kubaki chumbani na simu. Kausingizi ka mchana dakika 20 kabla ya saa tisa ni ruksa. Kuziba masikio kwa pamba kunasaidia kwa bodaboda, kwa besi ya baa hakuna pamba. Simu kuiweka mbali imetushinda wengi, tusidanganyane, na kuachana na bando la usiku nimeona njia pekee ni watu wanne mnachanga la wiki moja kwa simu moja inayorusha hotspoti mchana, mnashusha kila mtu cha kwake jioni, saa nne simu inazimwa na mwenye simu ni yule asiyebembelezeka. Kwetu ni dada wa chumba cha mwisho.

Na kelele tulikaa kikao. Tulikubaliana kipindi cha UE spika zinazimwa saa nne usiku, mama mwenye nyumba akaweka nguvu yake, akasema atakayekiuka ataenda kulala na mbuzi wake, na yule mama hatanii. Mwezi wa UE ule nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia mvua inavyoanza kwenye bati la jirani kabla haijafika kwenu.

Ila kuna mtu haya yote hayamtoshi, na huyo asisubiri mkeka. Kama usingizi unakusumbua usiku tatu au zaidi kwa wiki na umefika miezi mitatu, hiyo tayari inahesabika ugonjwa na ina tiba, na tiba inayoshauriwa kuanza nayo ni ileile ya mazungumzo na mazoezi ya tabia, sio vidonge. Kama wenzako wanakwambia unakoroma afu unakata pumzi, hiyo ni shida nyingine ya kumwona daktari. Kama huoni tena sababu ya kuamka, au umeanza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu leo leo, mwambie rafiki, mwambie mshauri wa wanafunzi, hospitali ya Bugando pale kuna idara ya afya ya akili, na kwenda pale hakumaanishi umechanganyikiwa. Ukienda usiseme tu "daktari silali" ukaishia hapo. Nenda na karatasi ya wiki mbili, kila siku umepanda kitandani saa ngapi, umepitiwa kama saa ngapi, umeshtuka mara ngapi, umeamka saa ngapi, umekunywa nini na saa ngapi. Ukikosa daftari andika nyuma ya madesa, atasoma tu.